Aliir Aliir aliwekwa nje na goti, si na rangi yake

Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wako mmoja kwenye ukurasa wa michezo, aliyewasifu vijana waliopitia kambi za wakimbizi wakaja kuwika kwenye mpira wa Kiaustralia. Nilikuwa naye bega kwa bega mpaka nilipofika mwisho, aliposema kwamba Aliir Aliir, mzaliwa wa kambi ya Kakuma, Kenya, aliachwa nje ya fainali kuu ya mwaka 2016 na timu yake ya Sydney Swans kwa ajili ya rangi ya ngozi yake. Hapo nikaiweka simu chini. Haikuwa hivyo. Aliir aliumia goti kwenye nusu fainali dhidi ya Geelong, siku nane kabla ya fainali, na goti halikupona kwa wakati. Nayajua haya kwa sababu wiki ile nzima nilimpigania kijana huyo kwa sauti yote niliyo nayo, huku nimeshika sahani za watu mkononi.

Mimi ni mtu wa Likoni. Naishi Footscray, magharibi mwa jiji la Melbourne, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha wasioweza kujilisha, kuwasukuma kwenye viti vya magurudumu waende kuota jua. Mtu akiwahudumia wazee wa Footscray hana budi kuujua mpira wao, apende asipende. Mimi niliupenda polepole. Mwanzoni niliona vurugu tu: uwanja wa duara refu kama yai, watu 18 kila upande, hakuna wa kuotea, mpira unashikwa kwa mkono na kupigwa kwa mguu, milingoti minne kila mwisho. Ukipita katikati, bila kuguswa na mtu, ni pointi sita. Ukipita pembeni ni moja. Kilichonivuta ni kuruka. Mtu anaupiga mpira mbali, na mwingine anapaa juu ya mabega ya wenzake anaudaka kama anayechuma embe la tawi la juu. Aliir Aliir kazi yake ndiyo hiyo, upande wa ulinzi: anausoma mpira wa adui ungali angani, anafika kabla yake.

Jioni ya Alhamisi kwenye nyumba yetu ilikuwa na heshima yake. Ndipo klabu nyingi hutangaza vikosi vya mwisho wa wiki. Na hawatoi orodha ya majina peke yake. Husema nani ameingia na nani ametoka tangu mechi iliyopita, na kando ya kila aliyetoka huandika sababu: goti, bega, amefungiwa, ameachwa. Neno "ameachwa" ndilo linalowasha moto. Wazee ambao mchana kutwa hawakusema kitu utawasikia wakigonga meza kwa vijiko.

Kwenye meza ya dirishani alikaa mzee mmoja, mzaliwa wa papa hapa Footscray, aliyefanya kazi ujana wake wote kwenye kiwanda cha nyama. Jina lake sitalitaja. Nilimfundisha neno "babu" na akalikubali, ikawa ndivyo ninavyomwita. Timu yake ni Western Bulldogs, ambayo zamani iliitwa Footscray tu, na uwanja wao wa asili, Whitten Oval, uko mwendo wa miguu kutoka kwetu. Mwaka 1954, akiwa na miaka 17, alikwenda kuwaona wakiichapa Melbourne pointi 102 kwa 51 na kuchukua kombe lao la kwanza. Aliweza kukutajia kikosi kile kizima bila kuvuta pumzi, kuanzia Charlie Sutton, aliyekuwa nahodha na kocha kwa pamoja, hadi Jack Collins aliyefunga magoli saba. Akimaliza huongeza: "Na nani aliachwa, nakumbuka pia."

Babu huyo alikuwa na sharti moja mezani pake, na ndilo lililonifanya nikuandikie, Mhariri. Ukimwingiza mtu, mtoe mtu. Haturuhusiwi kusema "fulani lazima acheze" halafu tukanyamaza. Kikosi wakati ule kilikuwa watu 22, pamoja na wa akiba, na huyo wako akiingia, kuna mwenzake anayefungasha viatu. Mtaje. Na ukimtaja, sema sababu kana kwamba yuko hapa anakula nasi.

Sasa ikaja wiki ya fainali ya 2016. Bulldogs walikuwa wamemaliza ligi nafasi ya saba, na hakuna timu iliyowahi kutoka nafasi hiyo ikalichukua kombe. Walikwenda Perth wakashinda, wakawatoa Hawthorn waliokuwa mabingwa, wakaenda Sydney wakawashinda Giants, timu nyingine ya jiji hilo, kwa pointi sita. Miaka 62 bila kombe. Footscray yote ilivaa nyekundu, nyeupe na buluu, hata sinia za samaki sokoni zilifungwa utepe. Na nani wanakutana nao? Sydney Swans, timu ya Aliir.

Nyumbani kwangu mambo yalikuwa mengine. Mwanangu alikuwa na miaka 11, na alikuwa ameichagua Sydney kwa sababu ya mtu mmoja tu. Shuleni kwake kulikuwa na watoto wengi waliozaliwa Kakuma au ambao wazazi wao walipitia Kakuma, Wasudani Kusini kwa Wakongomani. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992. Aliir alizaliwa humo 1994. Mwenzangu wa zamu, dada wa Bukavu aliyekaa Kakuma miaka mingi, alikuwa akimtazama kwenye televisheni na kusema, "Huyu amekunywa maji ya bomba letu." Alinisimulia mto Tarach unavyokaa mkavu hata watoto wakacheza mpira mchangani, kisha mvua inyeshe milimani na maji yaje kwa mngurumo. Kwa hiyo Aliir hakuwa mchezaji tu kwetu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na mtu wa kwetu uwanjani.

Aliumia Ijumaa. Jumatatu mpaka Alhamisi ilikuwa ni goti, goti, goti. Magazeti yakapiga picha goti, redio zikajadili goti. Mimi nikipita na supu nasema, "Lazima acheze." Jumanne Babu akaniuliza, bila kuinua macho, "Atoke nani?"

Nikasema sijui, mradi Aliir acheze.

"Jarrad McVeigh anarudi, mguu umepona, na ni mmoja wa manahodha wao. Callum Mills anarudi pia, yule kijana aliyepata tuzo ya chipukizi bora mwaka huu. Hao wawili ni wazima. Unamtoa nani kati ya wazima umwingize mwenye goti bovu?"

Nitakwambia ukweli wangu, Mhariri, kwa sababu msomaji wako si peke yake. Jibu nililotoa siku ile ndilo hilohilo lake. Nilisema, wakimwacha, ni kwa kuwa ni mweusi. Meza ikanyamaza. Nilikuwa nimeshika bakuli na mkono ukaanza kutetemeka, maana ni kazini, na hao ni watu ninaowahudumia.

Babu hakukasirika. Alinionyesha kiti, nikaketi, jambo ambalo haturuhusiwi kulifanya wakati wa chakula. Akaniambia habari za Adam Goodes. Huyo alikuwa Mwaustralia wa asili, mchezaji wa Sydney hiyohiyo, aliyepata medali ya Brownlow ya mchezaji bora mara mbili, na mwaka 2014 akateuliwa Mwaustralia wa Mwaka. Kwa sababu alithubutu kusema juu ya ubaguzi, mashabiki walimzomea uwanja baada ya uwanja kila aliposhika mpira, hadi akastaafu mwaka 2015. Babu alisema alikuwepo mara moja uwanjani watu wa karibu naye wakizomea, naye akakaa kimya, na ukimya ule unamuuma. "Kwa hiyo huhitaji kunithibitishia kwamba jambo hilo lipo," akasema. "Lakini ukiliita kila mahali, siku litakapokuwepo kweli nani atageuka kukusikia?"

Miaka mitatu baadaye, Juni 2019, ligi na klabu zote 18 zilimwomba Goodes radhi kwa maandishi kwamba hawakumsimamia. Babu alinisomea tangazo hilo kwa sauti mara mbili.

Alhamisi ikafika. Ijumaa yake ni sikukuu ya serikali katika jimbo la Victoria, kwa ajili ya fainali tu, hivyo wahudumu wengi walikuwa wamechukua likizo na mimi nilikuwa na zamu mbili mfululizo. Kikosi kikatangazwa: McVeigh ameingia, Mills ameingia. Aliir ametoka, goti. Nililia jikoni. Nilimlilia kijana wa miaka 22 ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kuichezea timu kubwa, amefika mlangoni kabisa mwa fainali. Si machozi ya kuonewa, na ninaomba msomaji wako aielewe tofauti hiyo.

Babu akaniita akaniambia nisimsahau Bob Murphy. Huyo alikuwa nahodha wa Bulldogs, akiichezea klabu tangu 2000, na mwezi Aprili mwaka uleule kano za goti zilikatika. Alikuwa ameusubiri mwaka huo maisha yake yote ya mpira na sasa atauona akiwa amevaa nguo za kawaida. "Goti halina kabila," Babu akasema.

Siku ya mechi, Jumamosi tarehe 1 Oktoba, tuliwapanga wazee ukumbini nusu duara. Sitaisimulia yote. Bulldogs walishinda 89 kwa 67. Kuna dakika moja tu nitaisema: robo ya mwisho, Sydney wanasogea, Lance Franklin wao anashika mpira na Dale Morris wa Bulldogs anamvamia kwa nyuma, mpira unamtoka, Tom Boyd, mwenzake Morris, anaunyakua na kuupiga kutoka mbali sana, golini hakuna mtu, ukadunda, ukadunda, ukaingia. Babu alikuwa ameshika mkono wangu. Kucha zake ziliacha alama nne kwenye ngozi, na kesho yake zilikuwepo bado. Halafu kwenye jukwaa kocha Luke Beveridge akapokea medali yake, akamwita Murphy apande, akaivua shingoni mwake akamvika. Mwanangu, shabiki wa Sydney, aliyekuwa amekuja kunisubiri nimalize zamu, aliuliza, "Na Aliir nani atamvika?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja baadaye, kwa njia nyingine. Aliir alihamia Port Adelaide mwisho wa 2020, na mwaka uliofuata akateuliwa kwenye kikosi cha wachezaji bora wa Australia nzima. Mwandishi wa barua ile angeandika hilo, ningeikata nikaibandika ukutani.

Tangu wakati huo sharti la Babu tumelichukua sisi wahudumu. Mwaka 2019, wa mwisho aliokuwa nasi, mjadala ulikuwa juu ya Richmond. Jack Graham aliteguka bega kwenye nusu fainali, na jina lililotajwa kuziba nafasi lilikuwa Marlion Pickett, mtu wa miaka 27 ambaye hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Wiki moja kabla ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ya timu za akiba. Tangu 1952 hakuna aliyeanza maisha yake ya ligi kwenye fainali kuu. Meza ikagawanyika: wengine wanasema fainali si mahali pa kujifunzia, apewe mtu wa uzoefu hata kama hayuko vizuri. Babu, ambaye sasa sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, akauliza maswali yake yaleyale. Anatoka nani? Graham. Kwa nini? Bega. Anayeingia ana nini? Ana mwili mzima na wiki iliyopita amecheza vizuri kuliko wote. "Basi mjadala uko wapi?" Pickett alicheza, akaugusa mpira mara 22, akafunga goli, na mapema tu alimzunguka mpinzani kwa kisigino hata ukumbi ukapiga kelele, wakiwemo wasioipenda Richmond. Matokeo yalikuwa 114 kwa 25.

Mwaka 2022 Babu hakuwepo tena. Sydney walirudi fainali, wakikutana na Geelong, na mwanangu alikuwa na miaka 17, anajua kila kitu. Geelong walikuwa na kijana wa miaka 20, Max Holmes, aliyeumia msuli wa nyuma ya paja katika nusu fainali. Alhamisi alikimbia mazoezini, akakimbia vizuri, na bado kocha Chris Scott akamweka nje na kumwingiza Mark O'Connor, Muairishi. Sydney nao walikuwa na Sam Reid, mkongwe mwenye maumivu ya kinena. Wao wakampanga. Mwanangu akashangilia: mkongwe, shujaa, ametoka mbali na timu, anastahili. Nikamuuliza la Babu. Akanijibu kwa ukali, "Mama, mbona Dale Morris?"

Na ni kweli. Ilikuja kujulikana baada ya fainali ya 2016 kwamba Morris, yule aliyemvamia Franklin, alicheza akiwa na mivunjiko kwenye mifupa ya mgongo. Bila yeye goli lile la Boyd halipo. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado linanisumbua, maana mimi huona kila siku migongo ya wanaume wazee waliocheza zamani, nawageuza kitandani, nasikia wanavyoguna. Morris alishinda. Sijui kama ningekuwa mama yake ningefurahi.

Reid alitolewa kabla mechi haijaisha. Geelong walishinda 133 kwa 52. Sidai kwamba mtu mmoja ndiye aliyeipoteza mechi ya tofauti ya pointi 81. Hata angekuwa mzima kama chuma wangefungwa. Lakini Holmes alibubujikwa na machozi mbele ya kamera, na mwaka huo hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba kocha wake anamchukia.

Mhariri, ninaloomba ni mambo mawili. La kwanza, chapisha sahihisho: Aliir Aliir, fainali ya 2016, alitoka kwa jeraha la goti. Kijana huyo ana heshima yake, na heshima hiyo haihitaji kuongezewa dhuluma ambayo haikutokea. Za kweli zinatosha, muulizeni Goodes. La pili, ukurasa wako kila Jumatatu hujaa wasomaji wanaopanga vikosi, wa nyumbani na wa ng'ambo, na karibu wote huandika nani aingie. Waombe waandike na nani atoke, na sababu. Utaona barua zitakavyopungua matusi, kwa maana ni vigumu kumtukana mtu ukiwa umelazimika kumweleza kwa nini.

Babu alikuwa akipanga vikosi vyake kwa penseli, nyuma ya kadi ya mlo. Kadi ya wiki ile ya 2016 binti yake alinipa baada ya maziko. Upande mmoja imeandikwa supu ya maboga na kondoo wa kuoka. Upande wa pili kuna Sydney na Bulldogs, majina 22 kwa 22, na la Aliir aliliandika tangu Jumatatu, kabla sijaanza kupiga kelele. Limepigwa mstari mmoja mwembamba, bado linasomeka, na pembeni yake kuna neno goti. Ukitaka picha yake kwa ajili ya sahihisho nitakutumia.

Wako,
Mama Salim
Footscray, Australia